Mama mkwe amebadilika ghafla, lakini hana homa kali

SWALI: Daktari, tunaishi na mama mkwe hapa Kadutu, Bukavu. Ana miaka 79. Tangu juzi hagusi bugali, anasinzia mchana kutwa, na jana usiku aliniita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Asubuhi ameanguka mlangoni. Kipimajoto kinaonyesha 37.4. Majirani wanasema ni uzee. Tungoje?

JIBU: Msingoje, mama. Mpelekeni leo. Uzee hauingii kwa siku mbili.

Mwili wa mzee mara nyingi hauwaki kama wa kijana. Anaweza kuwa na nimonia asikohoe sana, wala homa isifike 38. Kwa mtu ambaye kawaida yake ni 36.2, hiyo 37.4 tayari ni homa. Ugonjwa unajionyesha kwingine: kuchanganyikiwa, kuanguka, kukataa chakula, kukojoa kitandani. Chanzo chaweza kuwa mapafu, mkojo, malaria, upungufu wa maji, hata moyo, kwani shambulio la moyo kwa wazee, hasa wenye kisukari, huweza kuja bila maumivu ya kifua. Na huo usingizi unanitia wasiwasi kuliko kelele. Mzee anayepiga kelele hupelekwa haraka. Anayenyamaza huachwa alale.

Kabla hamjatoka, tazama blanketi likipanda na kushuka, uhesabu pumzi zake dakika nzima kwa saa ya simu. Zikizidi 25, kila saa ina thamani. Kama anakunywa dawa ya kisukari, hasa glibenklamidi, na hali chakula, huenda sukari imeshuka: mpe maji ya sukari ikiwa anameza vizuri, na usimpe kidonge kingine kabla hajapimwa. Je, usiku mnamwekea mbabula chumbani kwa ajili ya baridi? Itoeni. Gesi ya makaa haina harufu, nayo huvuruga akili, hata huua.

Aende naye anayeshinda naye, abebe dawa zote, hata za miti shamba. Usimwambie muuguzi “amezeeka”. Mwambie: wiki iliyopita alikuwa anachambua sombe mwenyewe, leo hanijui. Kipimo cha malaria peke yake hakitoshi, hata kikionyesha anayo. Omba wapime sukari na mkojo, wasikilize mapafu.

Na kama aligonga kichwa, semeni. Damu huweza kukusanyika polepole ndani ya fuvu, dalili zikatokea baada ya wiki kadhaa. Akipona sasa, kisha akaanza tena kusinzia au kuburuta mguu, rudini naye siku hiyohiyo.