Jibu: Makanisa matano, mchungaji mmoja

Bwana asifiwe, ndugu. Nimekuelewa: mchungaji ni mmoja, makanisa matano, na kwenye lile dogo watu wanakuta mlango umefungwa mpaka wameacha kuja. Kabla ya kulaumu uvivu, angalia ratiba. Sisi tulikuwa tunabadilisha saa kila wiki. Hata mimi, mzee wa kanisa, niliwahi kufika watu wanakunja mikeka. Tukaweka saa moja isiyobadilika kwa kila kanisa, mchungaji awepo asiwepo. Asipokuwepo, mwinjilisti anaongoza. Ufunguo ukae kwa watu wawili, tena wanaoishi jirani. Mwezi wenye Jumapili tano, ile ya tano tunasali wote pamoja katika kanisa moja, makanisa yakipokezana kwa zamu. Anzeni na hilo dogo. Kwenye michango ya pamoja bado tunavutana.