Shangazi, mbona sioni tena kilicho kizuri?

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 38, nimeolewa, nina watoto wawili na kazi ya ofisini. Sina shida kubwa, na hilo ndilo linalonitia aibu kukuandikia. Ila siku zangu zimekuwa za kijivu. Naamka, nakwenda kazini, narudi, nalala. Watu wamenichosha. Mume wangu akiingia nasikia funguo tu, hata kichwa siinui. Kazini kuna mzee wa masjala anayepiga mluzi kila asubuhi, wimbo uleule, anaanza chinichini kama anayeogopa kumwamsha mtoto, nami nakereka mpaka basi. Wifi yangu kila tukikutana hunikejeli mbele za watu, kisha naambiwa nijifunze kuona mazuri yake. Juzi mwanangu wa miaka tisa aliniuliza, "Mama, hujaona nimenyoa?" Alikuwa amenyoa siku tatu nyuma. Nilijifungia bafuni nikalia. Zamani nilikuwa mtu wa kusimama kuangalia mawingu. Nimekuwaje?
Macho Makavu

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuonea huruma. Mara ya pili nikakutana na sentensi moja iliyonisimamisha, na mara ya tatu nilirudi kwa ajili yake tu. Ni pale uliposema mzee wa masjala anaanza mluzi chinichini "kama anayeogopa kumwamsha mtoto". Ungeandika tu kwamba anapiga mluzi na anakukera, ningekuelewa. Lakini ulikwishamsikiliza, siku nyingi, mpaka ukajua mluzi wake unavyoanza. Kwa hiyo sikubaliani nawe kwamba umekauka. Unaona na unasikia. Ila kinachoingia kinakukuta umechoka, na kinapita bila kukaribishwa.

Kabla sijaendelea, nijibu hili moyoni mwako kwa ukweli. Usingizi umekupotea? Hamu ya kula imekwisha? Yale uliyokuwa ukiyapenda yamekufa yote kabisa, karibu kila siku, kwa majuma mawili au zaidi? Je, kuna saa unajiona huna thamani, au unatamani usiwepo? Kama jibu ni ndiyo, tafadhali nenda kwa daktari na umwambie hayo hayo uliyoniandikia mimi. Sonona ni ugonjwa, nao humwondolea mtu ladha ya kila kitu, na una tiba. Saa ile ya kutamani usiwepo ikikujia, usingoje siku ya miadi: mwambie mtu aliye karibu nawe, utafute msaada siku hiyohiyo. Sitaki ujilazimishe kutazama mawingu wakati unahitaji matibabu.

Na wifi yako, tummalize upesi. Mtu anayekudhalilisha mbele za watu huna deni la kumtafutia uzuri. Mwambie, mkiwa wawili tu na kwa sauti ya chini, kwamba maneno yale hutayavumilia tena. Akiendelea, punguza kukutana naye. Kuona mema ya watu hakujawahi kuwa sababu ya kukubali kuumizwa, na wanaokuambia hivyo wanakukosea.

Sasa tuje kwako. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kinyume chake ndicho kilichokupata: yaliyo mazuri yamekuwa ya zamani. Wala si kwamba una moyo mbaya, maana hata jicho lenyewe limeumbwa hivyo. Mwaka 1804 daktari mmoja wa Uswisi, Ignaz Troxler, alieleza jambo ambalo unaweza kulijaribu leo. Weka nukta katikati ya karatasi, na pembeni mwake upake madoa hafifu ya rangi. Kaza macho kwenye nukta ile bila kuyahamisha. Baada ya sekunde kadhaa yale madoa ya pembeni huanza kufifia, na mengine hupotea kabisa. Hayajaondoka kwenye karatasi. Yamekaa palepale bila kubadilika, basi macho na ubongo vimeacha kuyatolea taarifa. Hamisha jicho kidogo tu, yanarudi.

Tena kuna hili. Sehemu ya jicho inayoona kwa ukali kabisa ni ndogo mno: ukinyoosha mkono mbele yako, ni kama upana wa kucha ya dole gumba. Kwingine kote tunaona kwa ukungu, na ubongo hujaziliza kwa yale unayoyatarajia na unayoyakumbuka. Mume wako anapoingia na wewe hujainua kichwa, unayemwona ni yule uliyemhifadhi kichwani, pengine wa miaka mitano iliyopita. Huyu aliyeingia leo na funguo mkononi hujakutana naye bado.

Nakuambia haya kwa uchungu kwa sababu yalinipata kwa mama yangu. Mama alikuwa fundi cherehani. Utotoni mwangu wote nilimwona akifanya jambo moja kabla ya kukata kitambaa: anakitandaza, kisha anakipitisha kiganja polepole, kutoka kwake kwenda mbele, mara mbili, akiwa amefumba macho. Mimi nilikuwa na haraka zangu. Nilikuwa nasimama mlangoni nangoja amalize nipewe nilichokuja kuomba. Nilikuwa mtu mzima, yeye amelazwa, aliponishika nguo nikiwa nimeinama kumfunika. Akaanza kulipapasa pindo kwa dole gumba, taratibu, uzi kwa uzi. Akafika mahali akasimama. "Hapa aliyeshona alikatiza," akasema, "akarudi kesho yake. Mkono umebadilika." Niliangalia nisione kitu. Nikapapasa kama yeye, na kweli, mishono ilikuwa imebanana zaidi kuanzia pale. Mtu nisiyemjua alikuwa ameacha kazi yake hapo, akaondoka na uchovu wake au shughuli zake, akarudi na nguvu mpya. Mama alikuwa akiishi na habari za namna hiyo vidoleni maisha yake yote, nami sikuwahi kumuuliza hata mara moja alikuwa akisikia nini pale anapofumba macho. Tulipata majuma machache ya kuulizana. Niliyatumia yote, na hayakutosha.

Ndiyo maana sitakuambia utafute vitu vipya, wala safari, wala watu wengine. Mchoraji Claude Monet alichora upande wa mbele wa kanisa kuu moja, kule Rouen nchini Ufaransa, zaidi ya mara 30 kati ya mwaka 1892 na 1894. Mawe yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni mwanga wa asubuhi, wa mchana, wa siku ya ukungu, na yeye alirudi tena na tena kwa sababu kila aliporudi alikuta kazi haijaisha. Wewe una mume, watoto wawili na mzee mmoja wa masjala. Hao ni wengi.

Anza na mwanao, leo hii. Usimwambie tu kwamba amependeza, maana ataelewa unafidia. Mwambie ukweli: "Siku ile sikuona, na iliniuma. Njoo niangalie sasa." Akae mbele yako. Mwangalie kisogoni, mstari pale mashine ilipoishia, uone kama umenyooka au umepinda kidogo. Angalia utosini nywele zinapozungukia, zinaelekea upande gani. Muulize nani alimnyoa, aliogopa au hakuogopa, na kwa nini alichagua mtindo huo. Mtoto wa miaka tisa aliyengoja siku tatu kuonwa ana mengi ya kusimulia. Usimkatize. Usishike simu. Na akikuambia "basi Mama, inatosha", mwachie aende akacheze.

Kwa mumeo nakuomba dogo zaidi. Ukisikia funguo, inua kichwa. Mtazame uso kwa muda wa pumzi moja kabla hujasema lolote kuhusu watoto au bili. Halafu katika juma hili muulize swali ambalo kwa hakika hujui jibu lake. Ndoa ikikaa, tunazoea kumjibia mwenzetu kabla hajafungua mdomo, na tunadhani huko ndiko kumjua. Anaweza kushtuka, pengine akuulize una nini. Mwambie umemkumbuka. Ni kweli, si ndiyo?

Wengine wangekushauri uandike kila usiku mambo matatu ya kushukuru. Huwafaa wengi na sina neno nalo. Kwako wewe nahofia litakuwa jukumu jingine kwenye orodha ndefu, na siku usipopata la tatu utajilaumu. Mtu mmoja kwa siku, dakika chache, umtazame kama unayetaka kumweleza kwa mtu asiyemfahamu. Hilo linatosha. Kuna siku hutaona chochote, utaona tu mtu mchovu amekaa kwenye kiti. Mwache awe hivyo, nawe pumzika. Na hilo la kupumzika nalisisitiza: mtu asiyelala vya kutosha, anayebeba nyumba na ofisi peke yake, huona kijivu kwa sababu amechoka kweli. Gawaneni kazi za nyumbani. Zungumza na mumeo kuhusu hilo mapema, usingoje mpaka ulipuke.

Mawingu nayo hayajakwenda popote. Dakika mbili ukiwa njiani kwenda kazini, simama. Usipige picha. Chagua moja ulifuate kwa macho mpaka lipoteze umbo ulilolikuta nalo.

Kisha kuna yule mzee. Kesho akianza mluzi, usikimbilie kuvaa visikilizio. Mwache afike mwisho, kisha nenda masjala hata kama huna faili la kuchukua, umuulize ni wimbo gani na aliujulia wapi. Huenda akaona haya kwamba kumbe mnamsikia wote, kwa hiyo uliza kwa upole. Ule woga wa kumwamsha mtoto uliousikia ndani ya mluzi wake, mimi naamini haukutoka hewani. Kuna mtoto mahali fulani katika maisha ya mzee yule, au aliwahi kuwepo. Niandikie uniambie alichojibu. Nitakuwa naingoja barua yako.