Neno likasema au Neno akasema?

SWALI: Mwalimu, ninaandika kitabu cha picha cha watoto, ngano fupi kuhusu nguvu ya maneno. Mhusika mkuu ni Neno mwenyewe, anayemtoka msichana aliyekasirika, akamchoma rafiki yake, kisha akazunguka kijiji kizima akitafuta pa kurudi. Kila nilipoandika "Neno akasema", mhariri wangu amesahihisha kuwa "Neno likasema", kwa hoja kwamba neno limo katika ngeli ya LI-YA. Nifuate lipi?

JIBU: Mhariri wako ameishika kanuni, ila kanuni hiyo inahusu neno kama nomino ya kawaida. Nomino ikishakuwa jina la mwenye nafsi, upatanisho wake huhamia A-WA, hata kama asili yake ni ngeli nyingine. Ushahidi tunao mitaani, kwa kuwa tuna majirani waitwao Maneno, Shida na Mashaka, na sijamsikia mtu akisema "Maneno yamefika na mkewe". Tukisema "mashaka yamezidi" tunalalamikia hali. Tukisema "Mashaka amezidi" tunamlalamikia mtu, naye akisikia atakuja kutuuliza. Waliotafsiri Biblia ya Union, iliyochapishwa mwaka 1952, walikutana na nomino hii hii katika Yohana 1:14, wakaandika: "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu".

Hata hivyo, kusema peke yake hakumpi mhusika kiambishi a-. Katika ngano zetu zimwi hubembeleza, hutisha, hata huposa, na bado msimulizi husema "zimwi likasema", kama ilivyo katika methali "Zimwi likujualo halikuli likakwisha". Hiyo li- hulitenga na watu, likabaki jitu la kuogopwa, na ndiyo maana ningekushauri uitumie tofauti hii badala ya kuifuta. Pale msichana anapofoka, andika kwa herufi ndogo, "neno likamtoka, likamchoma rafiki yake moyoni", kwa kuwa bado ni kitu tu kilichomponyoka. Linapofumbua macho na kujuta, mpe herufi kubwa na nafsi: "Neno akageuka, akaona alivyomliza mtoto wa watu". Mtoto anayesomewa hajui ngeli ni nini, lakini sikio lake litatambua kwamba aliyekuwa kitu sasa ni mtu.

Ukishaingia A-WA, usitoke nusu ya njia. Waandishi wengi hukumbuka kitenzi wakasahau kivumishi, wakaandika "Neno dogo aliyechoka", ilhali inayotakiwa ni "Neno mdogo aliyechoka". Kimilikishi kitategemea nomino kinayoifuata, kwa hiyo "rafiki yangu Neno" ni sawa. Na iwapo Neno atakutana na Ulimi, andika tu "walikutana", jambo litakalokuepusha na taabu ya kupatanisha li- na u- katika kitenzi kimoja.

Sahihisho la mhariri wako, basi, libaki katika ule ukurasa wa kufoka. Kwingine kote rudisha a- yako.