Kitabu cha baba kisomeke kwenye simu

SWALI: Shikamoo mhariri. Marehemu baba alikuwa mhadhiri, aliandika kitabu kuhusu vita vya Maji Maji, kikatoka miaka ya 70. Sasa hakichapwi tena na wanafunzi kila siku wananiomba kopi. Kuna kijana wa steshenari Mwenge anasema ataskani chote siku moja anipe PDF, nirushe mtandaoni imeisha. Nimwachie?
Binti wa Mwalimu, Tabata

JIBU: Marahaba binti. Subiri kwanza. Hiyo PDF ya siku moja ni picha tu za kurasa, mtu akitafuta neno halipati, na kwenye simu atavuta kulia kushoto mpaka akate tamaa.

Anza na mkataba wa mzee na kampuni iliyochapa kitabu. Hata kama kampuni ilishakufa, angalia mzee aliwauzia haki zote au aliwaruhusu tu kuchapa. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inalinda kazi maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo kama haki zilibaki kwa baba ziko kwenye mirathi, na mirathi si yako peke yako hata kama wewe ndo ulimuuguza, kaeni ndugu wote muandikishiane. Ramani na picha za kuazima nazo zina wenyewe.

Kuskani ni dipiai (nukta kwa inchi) 300 kwenda juu, na karatasi ikiwa nyepesi weka karatasi nyeusi nyuma yake maandishi ya upande wa pili yasitokeze. Halafu programu ya kugeuza picha za kurasa kuwa maandishi, Tesseract ni ya bure na Kiswahili inakijua. Sasa hapo ndo shughuli yenyewe, maana ng'ombe atatoka ngombe, 1905 itageuka l9O5, tanbihi zinaruka zinaingia katikati ya aya, kwa hiyo mmoja asome kitabu kwa sauti na mwenzie afuate kwenye skrini, nukta kwa nukta, hata kama ni miezi.

Namba za kurasa za zamani usizifute jamani! Wasomi wameshainukuu "uk. 84" kwenye tasnifu zao, zikipotea hawana pa kuangalia. Ukitengeneza EPUB, yaani faili la kitabu ambalo maandishi yanajipanga kufuata skrini ya simu, zinawekwa pembeni vizuri tu. ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, chukua mpya, ile ya kitabu cha karatasi haitumiki.

Kijana wa Mwenge mpe kazi ya kuskani tu, na kama hiyo ndo kopi pekee asithubutu kuikata mgongo.