Mipira ya hendo inazunguka

SWALI: Habari fundi, mi ni boda hapa Uyole. Nimeweka mipira mipya ya hendo (ya kushikia usukani wa pikipiki), wa kushoto unazunguka mkononi, mvua ikinyesha ndo balaa kabisa. Fundi mmoja alipaka oili ili uingie kirahisi. Nifanyeje?

JIBU: Pole mdogo wangu, hiyo oili ndo mchawi, haikauki. Vuta mpira utoke, ukigoma pitisha bisibisi nyembamba pembeni upulizie upepo wa kompresa, halafu futa bomba la hendo kwa petroli kidogo (injini izimwe, na sigara weka mbali bwana) mpaka likauke kabisa, ndo upake gundi ya mipira usukume fasta kabla haijashika. Usiku kucha usiiguse.

Angalia pia hujabadilisha pande, wa kulia tundu lake ni kubwa maana unavaa juu ya plastiki ya mafuta (ile unayozungusha kuongeza mwendo), ukiuweka kushoto utacheza tu hata umwage gundi kopo zima. Na huo wa kulia usibane mpaka mwisho, acha kauwazi kama milimita 2, kisha zungusha mafuta uachie: lazima yarudi yenyewe, hata hendo ikiwa imekatwa kushoto au kulia. Yakisita, usishuke nayo mlima.