Dada wa Ohio, mwanao ni kwotabeki wa chuo gani?

Dada, shikamoo kama unanizidi, na kama mimi ndiye mkubwa basi marahaba nimeshaitikia.

Umesema kijana wako yuko mwaka wa tatu wa sekondari, anacheza kwotabeki kwenye futiboli ya Kimarekani (yule anayepokea mpira kwanza na kuamua aurushe, akimbie nao au ampe mwenzake), na vyuo viwili vimempa ofa. Kimoja timu yake inakimbia na mpira mechi nzima, kingine kinarusha kutwa. Ukauliza kama mtindo wa timu ni jambo la kukukosesha usingizi au ni stori za makocha. Walionitangulia wamekwambia "angalieni elimu kwanza". Sikatai, ila hukuuliza hilo.

Niko Texas tangu 2003 na mwanangu wa kwanza alipita hukohuko. Mtindo unahusika sana, dada. Tena unahusika kabla hata ya ofa kufika mlangoni.

Sisi tumekulia kwenye mpira ambao kipa ni kipa. Simba ikileta kocha mpya, hakuna atakayemwambia kipa kesho acheze winga. Kwotabeki hana usalama huo. Jina ni moja nchi nzima, lakini kazi yenyewe inabadilika ukivuka geti la chuo kimoja kwenda kingine.

Chukua Georgia Tech ya kocha Paul Johnson, 2008 hadi 2018. Walikuwa wanacheza opsheni ya njia tatu. Kuna walinzi wawili wa wapinzani, wa pembeni, wanaachwa makusudi bila kuzuiwa, na kwotabeki anawasoma mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza akimjia kwotabeki, mpira anaachiwa mkimbiaji wa katikati; akimvamia mkimbiaji, kwotabeki anauchomoa mpira na kutoka nao mbio. Hapo wa pili akimjia, anaumwagia pembeni kwa mwenzake. Pasi za mbele zilikuwa chache kwelikweli. Kocha wa namna hiyo akienda kusajili hatafuti mkono wa bunduki, anatafuta kijana mwepesi, mwenye moyo wa kupigwa, anayeamua ndani ya nusu sekunde. Ndiyo maana walimpata Justin Thomas. Huyu alikuwa ameshaahidi kwenda Alabama, ila kule walimtaka kwenye ulinzi. Georgia Tech wakamwambia kwao atakuwa kwotabeki, akageuka. Msimu wa 2014 timu ikashinda mechi 11, ikiwemo Orange Bowl, mechi kubwa ya mwisho wa msimu, dhidi ya Mississippi State, 49 kwa 34. Miguu ni ileile. Chuo kimoja kiliona beki, kingine kikaona nahodha.

Huku kwetu Texas mambo ni kinyume. Kocha Mike Leach alikaa Texas Tech kuanzia 2000 hadi 2009 na ule mtindo wao wa Air Raid: wapokeaji wametawanywa uwanja mzima, mpira unarushwa mara 40 au 50 kwa mechi. Kliff Kingsbury alicheza kwotabeki chini yake, baadaye akarudi palepale kuwa kocha mkuu, akamsajili kijana mmoja aliyekuwa pia mtupaji wa besiboli na ambaye vyuo vikubwa havikumhangaikia: Patrick Mahomes. Na bado alipofika kwenye uteuzi wa 2017 wa NFL, ligi ya kulipwa, kuna waliomtilia shaka kwa hoja kwamba namba zake ni za mfumo, si zake. Akachaguliwa wa 10. Mengine unayajua: akawa bingwa wa ligi hiyo.

Mtindo wowote unakuja na kuondoka na makocha, na hapo ndipo familia nyingi zinapoumia. Wewe uko Ohio, kwa hiyo mfano wa Michigan, mahasimu wa Ohio State, utaufurahia. Mwaka 2007 walikuwa na Ryan Mallett, sasa marehemu, kijana wa zaidi ya futi sita na nusu, mkono wa kutisha, lakini wa kusimama mahali pamoja na kurusha. Mwisho wa msimu akaletwa kocha Rich Rodriguez kutoka West Virginia, ambako kwotabeki wake Pat White alikuwa anakimbia kama swala. Mallett hakusubiri kufukuzwa, akaenda Arkansas. Rodriguez akamtaka Terrelle Pryor, kwotabeki wa sekondari mwenye mbio, na Pryor akachagua Ohio State (najua unatabasamu). Michigan ikaingia msimu wa 2008 na mtindo mpya bila mtu wa kuuendesha, ikashinda mechi 3 na kupoteza 9. Kwa Michigan ile, huo ulikuwa msiba.

Mwaka uliofuata akaja Denard Robinson kutoka Florida, na mwaka 2010 akakimbia yadi 1,702. Kwotabeki, siyo mkimbiaji! Haya, Januari 2011 Rodriguez akatimuliwa, akaja kocha anayependa mpira wa kizamani, na Denard akajikuta anabanwa kwenye shati lisilo lake. NFL walimchukua kama mkimbiaji. Sidhani kuna aliyekosea hapo, ni kwamba yule aliyemsajili hakuwepo tena.

Sasa ya kwangu. Mwanangu ni futi 5 na inchi 11, miguu mizuri, mkono wa kawaida. Kambi za kiangazi tulizunguka mpaka gari likaomba kupumzika. Kila tulikoenda kocha alimtazama kimo kabla ya kumtazama akirusha. Chuo kimoja kikubwa kilimwandikia kwamba kinamtaka kama "mwanamichezo", yaani tutakuona huko mbele utafaa wapi. Cha pili, kidogo zaidi, kilikuwa kinacheza opsheni, na kocha alikuja nyumbani, akala pilau ya mke wangu, akarudia sahani, akasema: "Kwangu wewe ni kwotabeki tu." Tukasaini pale Desemba bila kuuliza la pili.

Misimu miwili baadaye yule kocha akafukuzwa. Mpya alipoingia alitaka kurusha, akamleta kwotabeki wake kutoka chuo alikotoka, na mwanangu akaambiwa ahamie kwa wapokeaji. Alisugua benchi msimu mzima akijifunza kazi ambayo hajawahi kuifanya tangu ana miaka 12. Nilimlaumu kocha wa kwanza muda mrefu, lakini ukweli ni kwamba hakunidanganya. Alichoahidi kilikuwa chake kutoa kwa muda ule aliokuwepo. Mimi ndiye sikutazama kwamba timu ilikuwa imepoteza misimu miwili mfululizo na kiti chake kilishaanza kuwaka.

Kwa hiyo dada, usichague mtindo peke yake. Tazama mtindo na umri wa mtindo huo pale chuoni. Vyuo vya kijeshi kama Navy vilikaa na opsheni miaka na miaka, kocha akiondoka anarithiwa na mtu wa nyumba ileile. Hapo kijana anajua anachonunua, pamoja na hasara yake: kwotabeki Keenan Reynolds alifunga tachidauni 88 (kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) kwa kukimbia pale Navy, na NFL walipomchagua 2016 walimchukua kama mpokeaji. Kama ndoto ya mwanao ni NFL akiwa kwotabeki, hilo mliongee wazi mezani. Kwotabeki Lamar Jackson alipokwenda chuo cha Louisville, mama yake alitaka ahadi ya kocha kwamba mwanawe atacheza kwotabeki na si kitu kingine. Mama kama huyo nampigia saluti.

Jambo jingine ambalo wakati wetu halikuwa na nguvu hivi ni dirisha la uhamisho. Lilifunguliwa 2018, na tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama bila kukaa nje mwaka mzima. Limebadili hesabu kwa pande zote. Kocha mwenye mtindo unaopendwa hahitaji tena kumlea mtoto wa sekondari, anaokota aliyeiva. Kocha Lincoln Riley pale Oklahoma alionja mapema: kwotabeki wake Baker Mayfield na Kyler Murray, wote wahamiaji wa kabla ya dirisha hilo, walishinda Heisman (tuzo ya mchezaji bora wa vyuo) mfululizo, 2017 na 2018, kisha akampata Jalen Hurts kutoka Alabama. Alipohamia chuo cha USC, kwotabeki wake Caleb Williams akamfuata na kushinda yake 2022. Vijana wanamfuata mtu, chuo kinabaki na majengo.

Makocha wakija nyumbani, kabla ya pilau, waulize mambo haya. Mna kwotabeki wangapi, na wako mwaka wa ngapi? Mwaka huu mnasajili mmoja au wawili? Kocha wa mashambulizi amebakiza muda gani kwenye mkataba? Akiondoka, nani anapanga mchezo? Na kwotabeki wenu watatu waliopita wako wapi sasa? Hilo la mwisho ndilo lililomfanya kocha mmoja aliyekuja kumsajili mdogo wa mwanangu aombe maji ya kunywa.

Na usiwaulize wewe peke yako, mwache kijana naye aulize, maana wanamsajili yeye. Wangu alihama mwaka wa tatu, akaenda chuo cha daraja la pili, akacheza kwotabeki misimu miwili ya mwisho mbele ya watu labda elfu tatu. Tulikuwa tunaendesha saa tano kila Jumamosi. Leo anafundisha makwotabeki wa sekondari, na wale wafupi anawapenda kupita kiasi.

Andika hapa mwanao ana kimo gani na timu yake ya sekondari inacheza vipi, tuendelee.