Soma Madeni ya Mfuko Kabla ya Kuvutiwa na Unafuu wa Bei

Niliponunua kwa mara ya kwanza hisa za mfuko wa nyumba za makazi, yaani mfuko unaokusanya fedha za wawekezaji na kununua nyumba za kupangisha, bei za nyumba zilikuwa zimeshuka kwa miaka miwili mfululizo, nami niliamini kwamba unafuu huo ulikuwa sababu ya kutosha. Nyumba zenyewe hazikuwa na kasoro, kwani wapangaji walikuwepo na kodi ya pango ilikusanywa kila mwezi. Kilichoniumiza ni madeni ya mfuko, ambayo sikuyasoma.

Mfuko wenye nyumba za thamani ya milioni 100 na mkopo wa milioni 60 una mtaji, yaani fungu la wenye hisa baada ya kutoa deni, wa milioni 40. Thamani ya nyumba ikishuka kwa asilimia 20, mkopo haupungui hata kidogo, na mtaji unabaki milioni 20, yaani nusu imepotea. Kama mkopo ungekuwa milioni 30, mtaji ungeshuka kutoka milioni 70 hadi 50 tu. Hasara hiyo huwa ya kwenye vitabu tu mpaka mkopo uive, yaani tarehe ya kuulipa wote ifike, wakati soko bado limelala. Hapo benki huweza kukataa kuongeza muda, na meneja hulazimika kuuza nyumba kwa bei ya kutupa au kuwaomba wenye hisa mtaji mpya. Sisi tuliombwa mtaji. Sikuwa na fedha za kuongeza, sehemu yangu ikapungua, na bei zilipopanda tena nilinufaika kidogo sana.

Kwa hiyo sasa naanza na tarehe za kuiva kwa mikopo. Nchini Marekani bei za nyumba zilianza kushuka baada ya 2006 na hazikufika chini kabisa hadi karibu 2012, kwa hiyo mkopo wa miaka mitano uliochukuliwa bei zikiwa kileleni uliiva kabla ya soko kuinuka. Naangalia pia kama riba imefungwa au inapanda na kushuka, na kama kodi inayokusanywa inatosha kulipa riba na matengenezo hata nyumba kadhaa zikikosa wapangaji.

Jambo la pili ni namna ya kutoka, kwa sababu nyumba haiuzwi kwa siku moja. Mwishoni mwa 2022, BREIT, mfuko wa kampuni ya uwekezaji ya Marekani iitwayo Blackstone, ambao una nyumba nyingi za kupangisha na haukuorodheshwa kwenye soko la hisa, uliwekea kikomo fedha ambazo wawekezaji wangeweza kutoa. Mfuko ulioorodheshwa kwenye soko la hisa hukuruhusu kuuza wakati wowote soko likiwa wazi, ila bei yake hufuata hofu ya watu na huweza kuwa chini ya thamani ya nyumba zenyewe. Mimi huchagua huo ulioorodheshwa, tena pale tu mikopo yake inapokuwa chini ya theluthi ya thamani ya nyumba, na fedha ninazoweka humo ni zile ambazo sitazihitaji kwa miaka saba.